Inasikika Gazi, Haipandi Golini

Sisi Wadigo zamani tulirithishana kwa upande wa mama. Mashamba na minazi vilitoka kwa mjomba vikaenda kwa mpwa, na mpwa naye akamsikiliza mjomba kuliko alivyomsikiliza babake. Baadaye dini na sheria zikabadilisha habari ya mirathi, nami kwa mjomba wangu sikuambulia hata dafu. Kilichosalia cha mila ile ni lawama peke yake. Tangu mpwa wangu abadilishe ekzosi ya Boxer yake, nusu ya Msambweni imepita mlangoni kwangu kushtaki, na shemeji yangu, baba mzazi wa mtuhumiwa, yuko barazani anakunywa kahawa na kashata.

Pikipiki yenyewe ilikuwa na adabu zake. Bajaj Boxer 150, silinda moja, nguvu za farasi kama 12, imebuniwa India kwa ajili ya mtu anayetaka kufika tu. Fundi mmoja wa Ukunda, ambaye simtaji kwa sababu huenda nikamhitaji, aliing'oa sailensa nzima pamoja na vyumba vyake vya ndani vinavyouzungusha moshi mpaka ukali wake uishe. Mahali pake akachomelea bomba fupi linalong'aa, lenye stika ya Akrapovič. Hiyo ni kampuni ya Slovenia iliyoasisiwa na Igor Akrapovič, aliyekuwa dereva wa mbio za pikipiki, na herufi ya mwisho ya jina lake huvaa kikofia. Ya mpwa wangu haina kikofia, ila ina K mbili.

"Mjomba, sasa inapumua," akaniambia.

Inapumua kweli. Ni sisi tulioacha kulala. Kaskazi likivuma, tunaisikia hapa Msambweni ingali Gazi, na dadangu huweka chai motoni kwa mlio huo. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoiona mpaka leo, nami nasema haki.

Nilifikiri basi angalau itakuwa na mbio. Nikamuuliza mtu anayejua injini, akanieleza jambo ambalo fundi wa Ukunda hakuliona haja ya kulieleza. Vali ya moshi inapofunguka, mshindo wa gesi hukimbia ndani ya bomba. Ukifika mahali bomba linapopanuka, sehemu yake hurudi kwa namna ya mvuto, na ukirudi kwa wakati wake husaidia kunyonya moshi uliosalia kwenye silinda. Wahandisi hupima urefu na upana wa bomba ili mvuto huo uikute injini kwenye mwendo inaofanyia kazi. Fundi wetu alipima kwa jicho moja, lile jingine lilikuwa kwenye simu. Kwa hiyo nguvu zilizoongezeka, kama zipo, ziko juu kabisa, kwenye mwendo ambao matuta ya barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga hayamruhusu mtu kuufikia. Huku chini, kwenye gia ya pili na abiria wawili na gunia la makaa, zimepungua.

Na kabureta hakuigusa. Jeti ni ile ile na petroli ni ile ile, hewa ndiyo imeongezeka, kwa hiyo mchanganyiko umekuwa mwepesi na injini inachemka. Kijana naye, akiona haivuti, anazidisha moto. Petroli iliyokuwa ikimfikisha magharibi sasa inamwishia alasiri, kisha anakuja kwangu kuazima na kuniambia biashara ni mbaya.

Nendeni mkamtazame akipanda Golini. Kutoka Kombani kwenda Kwale mjini barabara inaukwea mlima wa Shimba. Zamani alikuwa akimpakia mama na mjukuu wake na ndoo ya samaki, akapanda huku akipiga soga. Siku hizi ni gia ya kwanza, injini inalia kilio cha msiba, na abiria mmoja hushuka akatembea. Anayetembea humtangulia. Watu wa Golini wakiusikia ule mlio hutoka nje kutazama ni nini kinachokuja kwa kasi namna hiyo. Wakingoja wakichoka, hurudi ndani kumalizia chai. Wakitoka tena, ndiyo anapita.

Nikimsema, ana majibu. La kwanza ni usalama: watu wanamsikia akija, wanampisha. Mwanangu, bomba linatazama nyuma! Anayekusikia sawasawa ni yule uliyekwisha kumpita. Dereva wa lori aliye mbele yako amefunga vioo na kufungulia muziki, na atajua upo utakapokuwa ubavuni mwake. Taa ya mbele, ambayo ingemwonyesha kwa huyo dereva, imekufa tangu Ramadhani. Pesa za taa ziliingia kwenye bomba.

La pili ni Harley-Davidson. Kila nikilalamika ananionyesha Wamarekani kwenye simu. Nikamwambia, mlio wa Harley haukutokana na msumeno wa fundi. Injini yao ya jadi ina silinda mbili zilizopachikwa kwa pembe ya digrii 45, zimeshikwa na pini moja, ndiyo maana mapigo yake hayalingani. Waliupenda mlio wao hata mwaka 1994 wakaomba usajiliwe kama alama yao ya biashara. Washindani wakapinga, kesi ikaburutwa, na mwaka 2000 wakaachana nayo. Mpwa wangu akitaka kuusajili wa kwake aende tu, hatapata mpinzani.

Sheria ipo. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, zinataka gari au pikipiki isizidi desibeli 84 inapoongeza mwendo, na nje ya nyumba za watu usiku isizidi 35. Desibeli 35 ni mnong'ono. Nilipomsomea aliniuliza kwa heshima, "Kwani hapa kwetu kipimo anacho nani, mjomba?" Kipimo ni mtoto mchanga wa jirani, lakini ushahidi wake haupokelewi mahakamani.

Ubaya mwingine ni ile mishindo. Akiachia moto ghafla kwenye tuta, petroli isiyoungua hulipukia ndani ya bomba: pa! Pa! Ijumaa moja alilipua nje ya msikiti, imamu yumo katikati ya khutba. Wakati wa khutba mtu haruhusiwi hata kumwambia mwenzake anyamaze. Kwa hiyo hakuna aliyesema neno. Safu zote ziligeuza shingo tu, zikanitazama mimi. Shemeji yangu naye alinitazama.

Halafu fundi hakurudisha kile kibati cha kuzuia joto, ati kinaficha mng'aro. Kina mama wanaopanda na leso zao wanashuka leso ina tundu na shavu la mguu wa kulia lina alama. Wanapakwa dawa ya meno stegini, nauli wanalipa, na kesho wanapanda kwa mwingine.

Leso ndizo zilizomshinda. Mlima hakuujali, sheria hakuijali, mimi ndiyo kabisa. Lakini wachuuzi wa samaki walipoanza kumpita pale stegini na kumpandia kijana mwenye pikipiki ya TVS isiyosikika hata ikiwa mbele yako, akaja jioni, shikamoo mjomba, marahaba, akainamisha kichwa na kusema ataka kurudisha sailensa yake ya zamani.

Tukaenda pamoja Ukunda. Fundi alitupokea vizuri, akatutolea kiti. Ile sailensa, akasema, alishaiuza kwa kijana mmoja wa Lunga Lunga aliyekuwa amechoka na makelele.