Sifa za Kilio cha Kilebu Kizimbani

Katika karne ya 2, Lucian wa Samosata alimtungia nzi sifa kwa Kigiriki fasaha; ni dhuluma basi kwamba kilio cha kilebu, yaani mtoto wa mbwa, anayefungiwa usiku ndani ya kizimba kwa mara ya kwanza, bado kinangoja mtetezi, ilhali kimewakosesha watu usingizi kuliko nzi yeyote. Kizimba kinachozungumziwa hapa ni kisanduku cha nyaya au plastiki chenye mlango, kinachotumiwa sana Marekani kumfundisha mbwa wa ndani kujizuia haja, na upana wake hupimwa kwa makusudi: mnyama aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha, lakini asibakiwe na kona ya kuchafua, kwa kuwa mbwa kwa kawaida hukwepa kujisaidia mahali anapolala. Afrika Mashariki, ambako mbwa wengi ni walinzi wa uani, na hasa mwambaoni, ambako fikihi ya Kishafii huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, kilio hiki huishia bandani. Hadhi yake ya kitaalamu imepatikana katika vyumba vya kulala vya ng'ambo.

Sifa yake ya kwanza ni nasaba. Kilebu huondolewa kwa mama yake akiwa na umri wa wiki 8 hivi, baada ya kulala siku zote akiwa amebanana na ndugu zake, na kwa mtoto wa mnyama anayeishi kwa kundi, kujikuta peke yake gizani ni hatari inayopaswa kutangazwa. Mwaka 1978 Jaak Panksepp na wenzake walionesha kwamba kiasi kidogo cha mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, kilipunguza kilio cha vilebu waliotengwa, jambo lililoashiria kwamba upweke na maumivu ya mwili hupita katika njia zinazokaribiana ubongoni. Anayesema kilebu anadeka tu, basi, anabishana na kemia.

Sifa ya pili ni kushika wakati. Kwa makadirio ya wafugaji wengi, kilebu huweza kujizuia takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, pengine na saa moja ya nyongeza, hivyo mwenye miezi 2 aliyefungiwa saa tano usiku akilia saa nane huwa ametoa taarifa sahihi kabisa, tofauti na saa ya kengele, ambayo huita pasipo haja yoyote.

Lakini fahari yake kuu ni ufundi wa majadiliano. Huanza kwa guno la puani, jembamba kama mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta, kisha hupanda na kukatikakatika, huku kucha zikikwaruza trei ya plastiki. Mara kikaja kimya cha ghafla, ambacho mwenye mbwa asiye mzoefu hukihesabu kuwa ushindi, akajivutia shuka, kumbe mwenzake anasikiliza kama kuna nyayo. C. B. Ferster na B. F. Skinner, katika kitabu chao cha 1957 kuhusu ratiba za uimarishaji, yaani utaratibu wa lini tendo lipewe tuzo na lini linyimwe, walieleza jinsi tendo linalotuzwa mara mojamoja linavyokuwa gumu kukomeshwa. Kwa hiyo bwana anayejikaza Jumatatu na Jumanne, kisha akanyanyuka Jumatano kufungua mlango kwa kuwa jirani amegonga ukuta, hajamnyamazisha kilebu. Amemtunuku shahada ya ustahimilivu.

Zawadi nyingi zimewahi kutolewa ili kukihonga kilio hiki: saa iliyoviringishwa taulo ili mlio wake ufanane na moyo wa mama, chupa ya maji ya moto, mwanasesere wa manyoya mwenye moyo wa betri. Mwaka 1977 T. F. Pettijohn na wenzake walipowapima vilebu waliotengwa, chakula hakikusaidia kitu cha maana, vitambaa laini na vitu vya kuchezea vilisaidia kiasi, na kilichofaa kuliko vyote kilikuwa binadamu mwenyewe. Ndipo safari ya kizimba inapoeleweka: hutoka jikoni kilikowekwa kwa msimamo mkali, kikapita ukumbini kwa muda tu, kikafika mlangoni pa chumba cha kulala, na hatimaye kikatulia kando ya kitanda, mkono wa bwana ukining'inia karibu na nyaya. Wakufunzi wengi wa mbwa sasa hupendekeza kianze papo hapo kando ya kitanda, na ushinde huo huitwa mbinu.

Nchini Sweden kilebu amepata hata sheria upande wake, kwani kanuni za huko kwa kawaida haziruhusu mbwa afungiwe nyumbani katika kizimba cha namna hii, ambacho huachiwa zaidi safari na shughuli chache maalumu. Vilebu wa Sweden, hata hivyo, nao hulia usiku wa kwanza, wakiwa wamelala juu ya godoro zuri, mlango ukiwa wazi.