Mtutu Mpya, Bega Lilelile

Mtutu wa bunduki ya marisau unaofaa kulengea visahani vya kurushwa ni mrefu, kwa kawaida inchi 30 au 32, na mdomo wake umebanwa kama milimita moja ili marisau yasitawanyike mapema. Kisahani kina upana wa milimita 110 na hukimbia kumwacha mlengaji. Anayekikosa kila mara huona kosa liko kwenye chuma. Mchagua jembe si mkulima, lakini majembe hayakosi wanunuzi.

Mtutu sharti uoane na bunduki yenyewe kwa modeli na geji. Chemba nayo ipimwe: risasi ya milimita 76 ndani ya chemba ya 70 ni balaa.

Kwa mkazi wa Kisoko, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, vipimo ndivyo vyepesi. Pale Busia, spea za pikipiki huvuka mpaka ndani ya gunia, nyuma ya bodaboda. Mtutu je? Sheria ya silaha ya Kenya huhesabu hata sehemu ya bunduki kuwa bunduki. Mwenye kudai amebeba bomba la maji atapewa muda wa kutosha kueleza, akiwa amekalishwa chini. Aliye na kibali humwachia fundi aufunge na kuukagua. Shabaha haimo kwenye bei.