Outlook ya Mkubwa

Mkubwa mmoja wa ofisi hapa Lubumbashi alichoka kusoma barua zake za Yahoo kwenye simu kama mwanafunzi. Akataka Outlook kwenye ordinateri ya ofisi, ya heshima. Kijana wa ordinateri akaitwa kutoka Kamalondo: akaandika POP, ile njia ya kuvuta barua kutoka kwenye seva, akaandika mlango 995, akasahau kuweka alama ya kubakiza nakala kwenye seva. POP, mtiifu kuliko makarani wote, ikazoa barua za miaka na kuzifungia ndani ya ordinateri ile moja. Saa nane umeme ukakatika. Simu ina chaji tele, kisanduku kitupu, mfadhili anangoja jibu.

“Papa, tungeweka IMAP, barua zingebaki hukohuko kwenye seva.”

“Bei gani?”

“Bure.”

Mkubwa akanuna. Vya bure haviamini, isipokuwa anwani ya Yahoo iliyo kwenye kadi yake.