Sabuni ya Mche Chini ya Gari

Heshima zangu kwa sabuni ya mche. Hapa Kampala haifui nguo tu, imebeba pia nusu ya uchukuzi. Tangi likianza kudondosha petroli, fundi wa Katwe hashtuki. Anamega kipande, anakikanda kwa kidole gumba, anakibandika. "Twende, ssebo!" Na kweli huziba, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni. Kinachoiyeyusha ni maji, na Kampala, kama mjuavyo, ni jiji kavu mno: ikinyesha mvua ya robo saa, Clock Tower inahitaji mtumbwi.

Mwaka 2018 sheria ya Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Safi sana. Yaliyokwisha kuingia yanaendelea kuzeeka hapahapa, kwa heshima zote, pamoja na matangi yake.

Tangi lenyewe mara nyingi huozea ndani. Mwenye gari anaweka mafuta ya shilingi 10,000, mshale unalala kwenye sifuri mwaka mzima. Hewa yenye unyevu hujaa pale patupu, ikapoa ikawa matone, matone yakazaa kutu. Tangi "jipya" lipo soko la vipuri la Kisekka, limetolewa kwenye gari la umri uleule. Pataneni bei, ila usichungulie ndani.

Wengine huchagua kuchomelea. Fundi atakwambia usiogope, tangi ni tupu. Tupu ndilo lenye mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Ukimwona mteja amesimama ng'ambo ya barabara, juu ya boda iliyokwisha kuwashwa, huyo si mgeni wa gereji.