Pilau ya Saa Nne Usiku

Ijumaa moja nilikaa mbele ya sinia la pilau nyumbani kwa shangazi yangu, Kibokoni, nikalitazama kama mtu anayetazama picha ya sinia la pilau. Nyama nimeiona, viazi nimeviona, mdalasini umefika puani. Tumboni ndipo hapakufunguliwa mlango.

"Mwanangu, leo nimekosea nini?" shangazi akauliza, na mikono yote juu ya sinia ikasimama.

Utaanzaje kumwambia mwanamke aliyekulisha kwa mkono wake kwamba umegunduliwa kuwa na ADHD, ile hali ya akili isiyotulia na kusahausahau, ukiwa na miaka 39, na kwamba tembe unayomeza kila saa moja asubuhi inafunga tumbo hadi magharibi? Nikasema nimekula njiani. Afadhali ningemtukana.

Dawa yenyewe ni methilifenideti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin. Mkemia Leandro Panizzon aliitengeneza Uswisi mwaka 1944, na jina hilo linatokana na mkewe, Rita, ambaye inasemekana presha yake ilikuwa ya chini, akawa anaimeza kabla ya kucheza tenisi. Mimi sichezi tenisi, na presha yangu haikuwa na shida. Moyo ulipoanza kwenda mbio, na usiku macho yakawa yanahesabu boriti za dari, daktari akaongeza klonidini, dawa ya zamani ya kushusha presha, niimeze kabla ya kulala. Basi kifuani nikawa na madereva wawili: wa asubuhi anakanyaga mafuta, wa usiku anakanyaga breki.

Sasa mpe msahaulifu ratiba hiyo. Simu inalia, naizima, naenda kuchukua maji. Njiani naona mrihani umenyauka, naumwagilia. Narudi na kikombe kitupu, nasimama nikijiuliza: nimemeza au sijameza? Daktari alishaonya kwamba nikiwa na shaka nisiongeze. Kwa hiyo kuna siku mrihani peke yake ndio uliopata dozi.

Nikanunua kile kisanduku cha dawa chenye vyumba saba. Jumapili usiku nikakijaza mwenyewe, kwa umakini mkubwa, huku nasikiliza mpira. Jumatatu nikapanda matatu nimemeza breki. Makanga aliniamsha mwisho wa safari: "Mzee, unashuka ama unarudi na sisi?" Nikainuka kwa haraka, jambo ambalo klonidini haitaki kabisa. Gari lote likazunguka, nikajikuta nimemkumbatia mama mmoja pamoja na kapu lake la mchicha.

Mdomo mkavu siuhesabu. Natembea na chupa ya maji kama mtoto wa chekechea, basi.

Lakini njaa! Njaa ya mchana haifi, inaahirishwa tu. Saa nne usiku, tembe imekwisha nguvu, inabisha hodi na madeni yake yote. Mke wangu alinikuta jikoni gizani nakwangua ukoko wa wali kwa mwiko.

"Baba Salma," akasema, ufagio bado ameuinua, "ningekupasua kichwa."

Ni yeye aliyemweleza shangazi. Wala shangazi hakushtuka. Alisema marehemu babu aliwahi kutumwa sokoni kununua samaki, akarudi jioni na mbuzi. Alichotaka kujua ni kimoja: hiyo njaa inakuja saa ngapi? Kisha akaamuru nile mahamri na mbaazi kwanza, ndipo nimeze tembe. Daktari alikuwa ameniambia nile kwanza vilevile, ila yeye alinitoza.

Ijumaa iliyofuata akanifungia bakuli la pilau na kachumbari kwa kitambaa, mafundo mawili. "Hili la saa nne," akasema.

Saa nne njaa ikafika bila kuchelewa. Bakuli ndilo halikufika. Nililisahau kwenye tuktuk. Kesho yake asubuhi kijana wa tuktuk, ambaye anatujua mtaa mzima, alilileta mlangoni, limeoshwa na kitambaa kimekunjwa.

"Pilau ilikuwa sawa kabisa, mzee," akaniambia. "Kachumbari tu ndiyo ilitaka ndimu."