Jinsi ya Kuondoka Mpondwe na Sufuria Moja

Dada unayeishi na Baba Masika huko Bwera, jirani na Mpondwe, Uganda, huu mwaka wa kumi na tano bila ndoa, mwongozo huu ni wako. Ukiufuata barabara, siku mkiachana utaondoka na sufuria na kitenge ulichovaa.

Mahari yasikuharakishe. Mbuzi walioahidiwa wazazi wako wanazidi kunenepa. Akitokea jirani wa kukuambia kwamba ndoa ya kimila ina sheria yake tangu 1973 na huandikishwa gombolola, mjibu kuwa nyinyi mnapendana. Uganda haihesabu miaka ya kukaa pamoja. Hata ifike thelathini, ndoa haijazaliwa. Tanzania, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, miaka miwili mkijulikana kama mume na mke huwafanya mdhaniwe wanandoa mpaka ithibitike vingine. Bahati mbaya ukivuka mpaka wa Mpondwe unaingia Kongo.

Kiwanja ndipo penye utamu. Pesa itoke kwako, ile ya maharagwe unayowauzia Wakongo. Siku ya mauziano, wewe kaa jikoni upike chai. Nje, chini ya mwembe, karatasi ya daftari inajazwa: mnunuzi Baba Masika, juu shamba la fulani, chini mto Lhubiriha. Mashahidi wanatia vidole. Mwenyekiti wa kijiji, yaani LC1, anaupumulia muhuri wake uliokauka, anaugonga mara mbili, wa kwanza haukusomeka. Jina lako halimo, hata kwenye mashahidi. Peleka chai. Mkija kuomba cheti cha umiliki wa kimila, maana wilaya yenu ya Kasese ni miongoni mwa za kwanza kupata vyeti hivyo, mwaka 2015, hakikisha nako mnaandika jina lilelile moja.

Saruji ya Hima, mabati, fundi: lipa mkononi. Usitume kwa simu, simu ina tabia ya kukumbuka. Risiti zinafaa sana kufungia chumvi.

Mambo yakiharibika, shika Sheria ya Ardhi ya 1998. Inasema ardhi ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, na utaisoma kwa furaha mpaka wakili akueleze kwamba mwenzi ni yule wa ndoa. Hakimu, akiwa mpole, atauliza ulichangia nini na ushahidi uko wapi. Mtajie chai. Wabunge nao walikuwa na muswada wa ndoa na talaka wa 2009, uliowagusa hata mnaokaa bila ndoa; 2013 ukawekwa kando, na kelele zilikuwa nyingi kuliko kurasa zake.

Mwongozo huu una tundu moja, nalo ni watoto. Sheria haiwaulizi kama wazazi wao walioana. Baba anadaiwa matunzo yao vilevile, na ofisa wa ustawi wa jamii wilayani kazi yake ni kusikiliza mashauri hayo. Kwa hiyo usimwendee. Na ukimkuta njiani, msalimie tu, upite.