Jinsi ya Kuishi Sasa Hivi Ukiwa Machimboni

Washauri wa mjini wamekwambia uache kuwaza jana na kesho, uishi sasa. Haya. Shuka Katoro, panda bodaboda mpaka machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu. Ukifika usiulize leo tarehe ngapi. Uliza duara, yaani shimo, limefika futi ngapi, maana hiyo ndiyo kalenda. Ukitaka kujua mwamba wenye dhahabu utapatikana lini, utajibiwa "umekaribia". Usikope kwa jibu hilo. Wenzako wote wamekopa kwa hilo hilo.

Pili, jifunze kula kesho. Mshahara hakuna, kuna mgao. Mwenye duara anawalisha vijana ugali na maharage mpaka mwamba upatikane, ndipo viroba vya mawe vigawanywe. Kwa hiyo sahani yako ya mchana huu inadaiwa kiroba ambacho bado kimo ndani ya jiwe lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, wala jiwe hilo halina haraka. Ukila cha nje kwa mkopo, usimfundishe mama ntilie hesabu. Daftari analo.

Msomi akikukuta hapo atakutajia John Mbiti, Mkenya, ambaye katika kitabu chake cha 1969 alidai kwamba Mwafrika wa jadi ana Sasa na Zamani, na kwamba ukivuka miaka miwili hivi mbele, karibu hamna kitu. Ushahidi aliuchota zaidi kwenye vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Mheshimu, ni mzee wetu. Ila kijana wa Shinyanga aliyeuza ng'ombe wa nyumbani apate mtaji wa shimo ana wakati ujao wa kumtosha yeye na wajukuu. Asichokuwa nacho ni leo. Usimweleze hivyo baba yake.

Ukishuka chini, sahau saa. Huko hakuna asubuhi, kuna zamu na betri ya tochi. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre alijifungia pangoni miezi miwili kwa hiari, bila saa, akiwa na simu ya kuwaita wenzake. Alipotoka Septemba 14 alidhani ni Agosti 20. Kwetu hiari haikuwepo: Oktoba 2015 kifusi kiliziba shimo Nyangalata, Kahama, na wanaume watano wakatolewa hai baada ya siku 41 za kula mende, vyura na mizizi. Hiyo 41 ni hesabu ya sisi wa juu, wenye jua, ambao tulikuwa tumeshawakatia tamaa. Basi ukitoka zamu ukakuta giza, usibishe kama ni magharibi au alfajiri. Chungulia kwa mama ntilie: wakisukuma chapati, ni asubuhi. Wakiosha masufuria, umelala njaa.

Sasa yenyewe ipo, nisikudanganye. Mawe yameshapita karasha, mchanga umeshaoshwa kwenye mwalo, zebaki imeshakamuliwa kwenye kitambaa. Kinabaki kidonge cha kijivu, kinawekwa kwenye kikopo juu ya makaa. Simu zinaita, hazipokelewi. Wadai, mwenye duara, hata mtoto aliyetumwa sigara, wote wanakodolea kikopo, mpaka kijivu kinageuka njano. Hakuna anayewaza jana wala kesho. Huo moshi ni sumu, kaa upande upepo unakotoka. Hutakaa, kwa sababu upande huo huoni vizuri.

Mizani ikishatulia, sasa imekwisha. Pesa nyingi ni za mwezi uliopita, zilizobaki ni za duara lijalo. Na usijisumbue kuyalilia marudio: mchanga uliokwisha kuoshwa bado una dhahabu, pengine nyingi kuliko uliyoipata, na ataitoa mwenye sianidi. Wewe umeshamwuzia.

Mwisho nenda soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019. Bei elekezi ya leo ipo. Muuzaji mwenzako atakwambia jana ilikuwa nzuri zaidi, mnunuzi atakwambia kesho itashuka. Uza kabla hujamsikiliza wa tatu, anayejua rashi mpya, yaani mbio za kukimbilia dhahabu, imetokea wapi. Utamsikiliza. Angalau muulize kama wachimbaji wa huko wana leseni. Ile ya uchimbaji mdogo hudumu miaka 7, na kwa muda huo deni la ugali linaweza kupungua.